Maneno ya Mdogo Mtu

Duka la kuchapishia lilikuwa limefurika siku ile, kila mtu akidai ametangulia. Mtengeneza tovuti alikuwa ameegemea ukuta wa kona, mahali alipopenda kusimama ili watu wasimwone anavyotembea. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi, na tangu utoto aliificha siri hiyo kwa suruali pana na kwa kufika mapema kila mahali. Mwanamke wa mbele yake, gauni la kijani, mikono imetiwa weusi na rangi ya kupakia ngozi za viatu, akageuka na kumtazama miguuni bila haya.

"Sentimita mbili na nusu," akasema.

"Samahani?"

"Mguu wako wa kushoto. Hicho kiatu kinakuumiza mgongo bure."

Mwingine angekasirika. Yeye alicheka, kwa sababu katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kuutaja mguu wake kama jambo la kawaida, la kupimwa likaisha. Mwanamke alikuwa fundi wa viatu vya watu ambao miguu yao hailingani. Alirithi karakana ya baba yake, akaiendesha na mdogo wake wa kike aliyekuwa akipokea simu. Wiki haikuisha kabla hajampima yule bwana. Mwezi haukuisha kabla hawajawa watu wa simu tatu kwa siku.

"Bwana Tovuti, umekula?"

"Nimekula, Fundi wangu."

"Muongo. Sauti yako ina njaa."

Mambo ya tovuti yaliingia baadaye, na afadhali yasingeingia kabisa. Wateja wa Fundi walikuwa watu wa mbali na wenye aibu. Hawamwulizi jirani, wanaiuliza simu. Tovuti ya zamani ilikuwa imechakaa, kwenye simu haifunguki sawasawa, basi akamwomba mpenzi wake amtengenezee mpya. Mtengeneza tovuti akamweleza kwa upole: kila ukurasa uwe na kichwa kinachosema wazi kilichomo, picha ziwe nyepesi ili zifunguke haraka, maandishi yasifichwe ndani ya picha kwa sababu injini za utafutaji wa mtandaoni hazisomi picha kama zinavyosoma maneno. Kubwa zaidi, maneno yawe yale ambayo mteja mwenyewe angeyaandika akitafuta. Baada ya hapo ni subira, maana tovuti mpya haijulikani kwa siku moja. Fundi, kiatu kikiwa mapajani, alisema yeye na kalamu hawapatani. Mdogo wake ataandika.

Mdogo mtu akaandika alivyozoea kusikia kwenye simu: *Mguu wako mmoja ni mfupi? Usijifiche. Njoo na viatu vyako vya zamani, tutaanzia hapo.* Mtengeneza tovuti aliyaona maneno mepesi mno, akayaweka hivyo hivyo.

Tovuti ikafunguliwa mahali pa ile ya zamani. Ilipendeza kweli. Halafu simu ya karakana ikanyamaza. Wiki ya kwanza, ya pili, ya nne. Yeye alisema wasubiri, na alisema kwa moyo safi. Wiki ya sita Fundi akamuuliza, macho yamemtoka kwa wasiwasi, nini hasa kimeharibika. Mtu wa kazi hapendi kusema sijui. Akatupa neno.

"Labda maandishi. Ni ya kawaida sana."

Ilikuwa kubahatisha tu, lakini Fundi alilibeba neno lile hadi kwa mdogo wake na kumwambia ameiua karakana ya baba. Binti alikusanya nguo zake jioni ile ile, akahamia kwa rafiki yake upande wa pili wa mji.

Siku mbili baadaye mtengeneza tovuti alifungua mipangilio ili aanze kurekebisha maandishi, akakiona. Kisanduku kidogo chenye tiki: *Zuia injini za utafutaji zisionyeshe tovuti hii.* Alikuwa amekitia tiki mwenyewe wakati wa ujenzi, watu wasije wakaona kazi ambayo haijaisha. Siku ya kufungua alisahau kuiondoa. Kwa muda wote ule ilikuwa kama duka ambalo mwenyewe amelifungua na kuacha bango la "tumefunga" mlangoni. Akaondoa tiki, akajiambia atasema kesho.

Kesho haikufika. Wiki tatu mbele simu zilianza kulia tena, na Fundi akamrukia shingoni.

"Umebadilisha maneno, umeniokoa."

Hakuwa amebadilisha hata nukta. Lakini aliipokea shukrani. Kwenye taarifa za tovuti aliona watu walichokuwa wakiandika: mguu mmoja mfupi, kiatu cha mguu mfupi. Karibu neno kwa neno kama alivyoandika binti yule. Wakaanza kuzungumza habari za ndoa, na kila alipomtaja mdogo mtu, Fundi alikunja uso na kusema aje kwanza aombe radhi.

Wiki ya tano tangu aondoe tiki, naye akiwa karakana na Fundi, akaja mwalimu mmoja mstaafu, kavaa sketi ndefu iliyofagia sakafu. Alitoa simu akawasomea ukurasa kwa sauti. Alipofika kwenye *usijifiche*, sauti ilimkatika. Alisema alilisoma neno hilo akalia jikoni kwake, ndipo akapata nguvu ya kuja.

Fundi aligeuka kumtazama mpenzi wake, uso umejaa fahari. Hakuwa amewahi kuisoma tovuti yake mwenyewe. "Mwandishi ndiye huyu hapa," akamwambia mwalimu.

Mtengeneza tovuti alihisi aibu ambayo mguu wake haukuwahi kumpa.

"Si mimi," akasema. "Ni mdogo wako aliyeandika. Sikubadilisha kitu."

Akaeleza yote pale pale, kisanduku na tiki yake, mbele ya mgeni. Fundi alichukua utepe wake wa kupimia. Alimpima mwalimu miguu yote miwili, akaandika vipimo, akamsindikiza hadi mlangoni kwa adabu. Kisha akarudi.

"Umejua tangu lini?"

"Wiki ya tano hii."

"Ungeniambia siku ile, ningekucheka mpaka basi. Kila mtu husahau." Akaiweka karatasi ya vipimo mezani. "Lakini wiki tano unaniona nimemsusa mdogo wangu, unakula na mimi. Yale niliyomwambia ni yangu, nitayabeba mwenyewe. Lako nenda ukalibebe."

Akaenda. Binti alikuwa amepata kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno, blauzi nyeupe, nywele amezibana nyuma. Alimsikiliza shemeji yake hadi mwisho bila kumkatiza.

"Shemeji," akasema polepole, "kila siku nimekuwa nayasoma yale maneno, natafuta nilipokosea."

"Hukukosea popote."

Binti aliinamisha kichwa akalia kimya kimya, mkono umefunika macho. Simu yake ikaita. Alilitazama jina la dada yake muda mrefu kabla ya kupokea. Walichosemezana akina dada wale kilikuwa chao. Mtengeneza tovuti alisogea hadi dirishani. Alisikia tu, "Na mimi, dada," mara mbili, tatu. Baadaye akapewa simu.

"Tovuti nimekunyang'anya," Fundi alisema. Sauti ilikuwa imekauka kwa kulia. "Nitatafuta mtu mwingine, na mdogo wangu ndiye atakayemkagua."

"Ni haki yako."

"Kwa hiyo umefukuzwa kazi."

"Nimesikia."

Alijua huenda hii ndiyo simu yao ya mwisho, akaibana sikioni.

"Bado unataka kunioa?"

"Nataka."

"Basi njoo uniombe upya. Mbele ya mdogo wangu. Na uanze na hicho ulichokisema leo, ndipo uje kwenye mambo ya pete."

Aliporudisha simu, binti alikuwa amekwisha kumwomba mwenzake amshikie zamu na kuchukua mkoba. Alimfungulia mlango, akamtazama kwa macho mekundu.

"Twende, shemeji. Ila ukianza kujitetea hata kidogo, nakurudisha mlangoni uanze tena."