Krimu ya Shangazi

Duka la vipodozi siku ya Jumamosi halina adabu. Wanawake walibanana hadi kwenye rafu za mafuta ya nywele, na katikati yao alisimama mwanamume mrefu, kipara kinameta, ovaroli ya fundi wa lifti imepigwa pasi utadhani anakwenda harusini. Mkononi alishika chupa mbili za krimu ya kung'arisha nywele ziwe nyeupe, ile kali kuliko zote.

Nyuma yake kwenye foleni alikuwa msusi mwenye saluni ng'ambo ya barabara: gauni la kijani, kucha fupi, ulimi mrefu.

"Samahani, kaka," alisema. "Hiyo unaipaka wapi? Maana hapo kichwani sioni pa kuanzia."

Foleni ikacheka. Fundi naye akacheka, ila aibu ilishamshika. "Si yangu. Ni ya shangazi."

"Nywele zake zikoje?"

"Zilikuwa nyeupe. Sasa zimeingia manjano."

"Ana umri gani?"

"Amevuka arobaini kidogo."

"Arobaini na mvi kichwa kizima? Maskini. Basi ukishampaka mfunike kwa nailoni, krimu isikauke, la sivyo atatoka mabaka." Akamwandikia namba yake nyuma ya risiti. "Ukikwama nipigie. Ushauri ni bure."

Nisikufiche, msomaji: shangazi hakuwepo. Shangazi alikuwa kompyuta. Fundi alikusanya kompyuta za nyumbani za zamani, zile ambazo kibodi na mashine ni kitu kimoja, unaichomeka kwenye televisheni, programu inasomwa kutoka kwenye kaseti. Plastiki yake ikizeeka hugeuka manjano, na krimu ya nywele ikipata jua huirudishia weupe. Angesema hivyo tu, yangeisha. Lakini mchumba wake wa zamani aliwahi kusimama mlangoni mwa chumba kile akasema humu hamna hata pa mtu kukaa, akaenda zake. Tangu hapo fundi hakumwonyesha mtu.

Basi akapiga simu kuuliza habari za nailoni. Kesho yake akapiga tena, na safari hii nailoni haikutajwa. Wiki chache baadaye simu zilikuwa za kila siku.

"Leo umepanda ghorofa ngapi, Kipara wangu?"

"Zote za jengo linalokutazama. Nikifika juu nachungulia saluni yako."

"Uongo huo."

"Una kanga ya njano mabegani."

Msusi akageuka dirishani, akacheka peke yake mbele ya mteja. Alikuwa ameshapenda, na kupenda kulimtia hofu. Aliwahi kumpenda mwanamume mmoja mwaka mzima, na yule "dada" ambaye mwanamume huyo alikuwa akiishi naye akaja kujulikana kuwa ni mke wa ndoa. Msusi aliapa hatapita tena njia ile. Kwa hiyo kila alipoomba kumsalimia shangazi, alisikiliza jibu kwa masikio mawili.

"Amelala."

"Jana amelala, leo amelala. Ni mgonjwa?"

"Ana... shida ya umeme kidogo. Yaani nyumbani, umeme. Ngoja nakuja, mpenzi, usikate."

Akaiweka simu mezani. Kilichomkimbiza ni shangazi mwenyewe, aliyeanza kuwaka halafu akazima. Msusi, simu sikioni, akasikia sauti ya mpenzi wake ikibembeleza: "Amka basi, mrembo wangu. Polepole. Jana si tulikuwa vizuri? Usiniaibishe leo."

Fundi aliporudi, simu ilikuwa imekatwa. Akapiga mara nyingi, haikupokelewa.

"Mama, nimerudi kulekule," msusi alimwambia mama yake, akalia hadi kwikwi ikamshika.

Fundi alihangaika siku kadhaa kabla ya kuelewa alichosikika akisema. Alipoelewa akavuka barabara, akasimama saluni mbele ya wateja wote.

"Njoo umwone shangazi," alisema. "Ukishamwona, nifukuze ukitaka."

Msusi alikwenda amevaa viatu vya chini, endapo kungekuwa na ugomvi. Mlango ulipofunguliwa hakuona kanga ya mwanamke wala kitana. Aliona rafu hadi darini: kibodi nene zenye vumbi kwenye mianya, redio kaseti, visanduku vya kaseti vyenye lebo, televisheni ndogo ya zamani yenye mgongo mnene. Na juu ya meza, chini ya taa, mashine moja ya manjano yenye mabaka meupe.

"Shangazi," fundi alisema, akionyesha kwa kidevu.

Msusi alichungulia kutoka mlangoni. "Huyu ndiye mrembo wako?"

"Ndiye. Niliogopa utacheka, au utasimama hapo mlangoni kama mchumba wangu wa zamani, uondoke."

"Wewe uliogopa kicheko. Mimi niliogopa mke. Unajua nimelia?"

"Sikujua. Nisamehe. Sitakudanganya tena, hata kwa jambo la kipuuzi."

Msusi akaingia, akapitisha kidole juu ya mabaka yale. "Nilikwambia nini kuhusu nailoni? Umempaka ovyo, ikakaukia hapa na hapa. Kesho mtoe juani, nitamshughulikia mwenyewe."

Simu yake ikaita.

"Mama. Ndiyo, nimefika. Hapana, hakuna mke. Kuna shangazi. Chumba kizima ni mashangazi." Akasikiliza. "Kukaa? Humu?"

Akatazama. Kilikuwepo kiti kimoja cha fundi, na kingine kilichobeba printa nzito iliyokuwa pale tangu mchumba yule aondoke. Fundi alikuwa ameshaiinua kwa mikono miwili, anazunguka nayo, hajui pa kuiweka. Mwishowe akailaza juu ya kitanda chake mwenyewe, akafuta kiti kwa mkono wa shati, akakisogeza karibu na meza.

"Nimekaa, mama," msusi alisema, akakaa.