Mayai ya Darasa la Kwanza

Kila asubuhi Haritha alifungua chumba cha kompyuta cha shule yao pale Warangal, India, akiwa amevimba kichwa, ungedhani shule ameijenga yeye. Kazi yake ilikuwa kutayarisha ripoti ya chakula cha mchana. Karibuni Yadamma, mpishi, angeanza kuisoma kwenye skrini ya jikoni ili ajue apike wali kiasi gani na achemshe mayai mangapi.

Ripoti hiyo ilitengenezwa na klabu ya kompyuta. Walipokuwa wakijifunza, waliiunganisha na hifadhidata ya mazoezi, yenye wanafunzi wa kubuni, wachache kuliko wa shule yenyewe. Sasa Haritha alipewa kazi ya kuihamishia kwenye hifadhidata ya kweli, ambamo walimu huandika mahudhurio.

"Nimemaliza!" alitangaza. "Nyinyi mngekesha hapa."

Sailu, aliyehamia kutoka shule ya kijijini, aliinua mkono. "Kila ukurasa umeandikiwa chanzo chake, yaani hifadhidata unayosoma. Tungekiweka mahali pamoja, kurasa zote zifuate..."

"Nani kakuuliza? Juzi tu ulikuwa hujui hata kushika kipanya. Rudi ukachunge mbuzi!"

Darasa likaangua kicheko. Sailu akashusha mkono.

Kesho yake ilikuwa siku ya mayai, na siku ya kwanza Yadamma kuitumia ripoti hiyo. Wali ulitosha, lakini mayai yaliisha kabla ya darasa la kwanza kufika. Watoto wale, ambao wengine nyumbani hawalioni yai hata mara moja kwa wiki, walibaki wameshika sahani.

"Mpishi gani huyu!" Haritha akabetua midomo. "Hata kusoma skrini kunamshinda."

"Nimesoma, binti," Yadamma akajibu kwa hasira. "Nimechemsha yaleyale mliyoandika. Nilidhani wengi leo ni wale wasiokula mayai, ambao hupewa ndizi. Kumbe namwamini mtoto mwenye mdomo mrefu!"

Mwalimu Padmaja, msimamizi wa klabu, akafungua ripoti. Ukurasa wa wali ulisoma hifadhidata ya kweli. Ukurasa wa mayai bado ulisoma ya mazoezi.

"Hongera, Haritha," alisema. "Umewahesabia mayai watoto ambao hawajazaliwa."

Haritha akainamisha kichwa kwa aibu.

"Mimi kosa hilo niliona asubuhi," Sailu alisema polepole.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nitukanwe tena, mwalimu?"

"Ulijua ukanyamaza, na watoto wamekosa. Hilo ni kosa lako," mwalimu akamwambia. "Lakini aliyekuziba mdomo namjua. Kaeni mrekebishe, wote wawili."

Mchana huo Sailu alieleza, Haritha akaandika. Waliweka chanzo mahali pamoja tu. Kikibadilishwa, kurasa zote hubadilika, na jina la chanzo hicho husomeka juu ya kila ukurasa. Mara tatu Haritha aliuliza, "Hapa niko sawa?" Alikuwa hajawahi kumuuliza mtu hivyo.

Kisha mwalimu akampeleka Haritha darasa la kwanza kuomba radhi. Alijieleza kwa maneno mengi mazuri. Msichana mmoja mdogo akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa yai langu liko wapi?"

Machozi yakamtoka Haritha.

"Utalipata kesho, mwanangu. Yadamma ameshayaagiza," mwalimu alimjibu mtoto. Kisha akamgeukia Haritha. "Mdharau mwiba mguu huota tende. Leo aliyeudharau mwiba ni wewe, na mguu uliovimba ni wa huyu mdogo."