Nilimwita Mwanafunzi Wangu Mwizi wa Maneno

Nina miaka arobaini na tatu, ni mwalimu wa Kiswahili hapa Gisenyi, mji ulio mpakani na Goma. Nilizaliwa Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Ninayoyasimulia yamenifanya nijidharau... na yupo mtu ninayemdharau zaidi.

Shuleni kwetu watoto walikaririshwa insha hadi darasa zima likawa linaandika sentensi zilezile. Nikachoka! Nikafungua ukurasa mtandaoni, kila mwanafunzi aandike hadithi aliyoibuni mwenyewe. Rafiki yangu Faustin, mwalimu mwenzangu, nilimpa neno la siri la ukurasa huo anisaidie kusahihisha.

Divine, binti wa mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, darasani alikuwa hafungui mdomo. Siku moja akaandika juu ya mwanamke anayevuka mpaka kwenda Goma na beseni la samaki, kisha anarudi na beseni tupu na uso uliovimba. Nilisoma nikalia.

Faustin alicheka. "Bon, mutoto wa sambaza aandike hivi? Hii iliandikwa na mashine, ile akili bandia. Anakuchezea!"

Nami, mpumbavu mwenye shahada, nikaamini! Nilimsimamisha Divine mbele ya wenzake nikamwita mwizi wa maneno. Kesho yake hakuja... wala wiki iliyofuata.

Baada ya miezi miwili kukawa na mashindano ya uandishi ya shule za mjini. Mshindi? Binti wa Faustin! Aliposoma sentensi ya kwanza tu, niliitambua. Ilikuwa hadithi ya Divine, neno kwa neno. Faustin alikaa mbele na tai yake, akipiga makofi kuliko wote.

Ndipo nikafungua kumbukumbu za ukurasa, kazi ya dakika mbili niliyoona uvivu kuifanya siku ile. Zilikuwamo alfajiri zote ambazo Divine aliandika, wiki tatu, na kila sentensi aliyoifuta. Mashine gani huhangaika hivyo?

Nilimpelekea mkuu wa shule ushahidi, zawadi ikarudishwa. Faustin akasema eti alikuwa "akimhamasisha" mwanawe. Mtu mzima na ndevu zake!

Nikaenda sokoni kwa Mama Divine. Hakuacha kupima samaki wake.

"Aliandika na simu yangu, kila asubui, mbele ya kuenda soko," alisema. "Sababu ya nini haukuniuliza? Ile haya ulimupatia mbele ya wote, umuondolee mbele ya wote."

Nikaomba radhi mbele ya darasa lilelile, machozi yakinitoka. Divine, aliyeletwa na mama yake siku hiyo, alisikiliza hadi mwisho. "Asante, Mwalimu," akasema, akatoka. Siku hizi anasoma shule nyingine, huko Mahoko. Nasikia bado anaandika, ila hamwonyeshi mwalimu yeyote.

Walimu wenzangu, kumfungulia mtoto ukurasa ni rahisi. Kuamini kwamba binti wa muuza samaki anaweza kukuzidi kwa fikra, hapo ndipo wengi wetu tunapoonyesha udogo wetu! Nawasihi, msimhukumu mtoto kwa kazi ya mama yake. Mimi nilifanya hivyo, nikaipoteza kalamu bora niliyopata kuifundisha.