Saba Mara Nane kwa Miyaa

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla hamjamlaumu kijana wa watu. Mimi Mwalimu Luqman wa Kisauni, miaka ishirini na sita nala vumbi la chaki, nilipewa kazi ya kukusanya mbinu mpya za walimu wa Likoni, Kisauni na Changamwe kwenye kijitabu kimoja. Mwalimu mmoja akanitumia video, na chini yake ujumbe wa sauti. Video nikaitazama. Sauti nikasema nitaisikiza nikimaliza chai. Chai ile sijui ilikuwa pipa, maana wiki tatu zilipita.

Lakini ngoja nianze pale walipokutana.

Soko la Kongowea, Jumamosi, watu wamejaa mpaka hapana pa kutia mguu. Mwanamkasi, mwalimu wa gredi ya nne kule Likoni, alikuwa kwa muuza miyaa, yale majani makavu ya kusukia, buibui jeusi, mtandio wa rangi ya papai, achagua miyaa myekundu na ya kijani. Mkokoteni ukaja mbio, "Njia! Njia!" Kijana mmoja mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi likakubali, akaruka pembeni, akaketi juu ya tita la miyaa la Mwanamkasi puu!

"We kaka, hilo si kochi!"

"Nisamehe, dada yangu. Kumbe wasuka mikeka?"

"Nasuka watoto."

"Watoto wasukwaje?"

Mwanamkasi hakutaka kuulizwa mara mbili. Akachutama, akalaza miyaa saba, akapitisha minane, juu, chini, juu, chini. "Haya, hesabu vijumba."

Kijana akahesabu kwa kidole. "Hamsini na sita!"

"Ndiyo saba mara nane hiyo. Darasani kwangu hakariri mtu. Wanasuka, na kidole hakisahau."

Macho yakamtoka. "Wallahi mimi pia mwalimu, Magongo. Naitwa Waleed. Wangu nikiwauliza saba mara nane, wananitajia namba za simu."

"Basi nipe yako, nikutumie vipimo."

Eti vipimo! Nilipokuja kusimuliwa nilicheka mpaka nikakohoa.

Tangu siku hiyo, kengele ya mwisho ikilia Magongo, simu inalia Likoni.

"Laazizi, Mbeyu leo amepata tisa mara sita! Mtoto aliyekuwa akijificha chini ya deski!"

"Umenipigia mimi au Mbeyu?"

"Wewe. Mbeyu hana simu."

"Ungempigia yeye, sivyo?"

"Ningempigia mamake nimwambie ana bahati. Nawe nakwambia mimi nina bahati zaidi."

"Maneno hayo yote umeyasuka mwenyewe?"

Miezi minne baadaye posa ikapangwa. Ijumaa, baada ya swala, babake Waleed na wazee wawili wangevuka feri kwenda Likoni na barua. Mwanamkasi akashona dera jipya la zambarau. Na Jumatatu ya wiki hiyo hiyo kijitabu changu kikafika mashuleni.

Ukurasa wa tisa: *Kuzidisha kwa Miyaa. Mbinu ya Mwalimu Waleed, Magongo.*

Simu ikalia Magongo, na mara hii haikuwa na laazizi.

"Mwalimu Waleed, hongera."

"Ya nini, kipenzi?"

"Umekuwa mgunduzi. Nimekusoma."

"Umesoma wapi? Mimi sijui kitu!"

"Nisikize. Shule niliyotoka, mkubwa wangu alichukua nyimbo zangu za hesabu, akaenda kupewa cheti nazo. Nilinyamaza, nikalia chooni. Nikaapa sitanyamaza tena. Mume wa kuvaa kazi yangu simtaki. Mwambie baba'ko asivuke."

Akakata. Waleed akapiga mara kumi na moja. Wapi!

Jumatano tukakutana walimu wote kukijadili kijitabu, ukumbi wa shule yangu. Mwanamkasi alitumwa na mwalimu mkuu wake, akakaa safu ya nyuma kabisa, uso umekaza kama ngoma. Mimi nashika kipaza sauti, napekua simu kutafuta ratiba, kidole kikagusa ule ujumbe wa sauti. Nikauweka sikioni. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi.

Kabla sijafungua mdomo, Waleed akapanda jukwaani na tita la miyaa, akaninyang'anya kipaza.

"Walimu, nimesoma kuwa mbinu hii ni yangu. Basi niacheni nisuke."

Akasuka. Juu, chini, juu, juu... Mkeka ukapinda, ukatoboka katikati.

"Hesabuni!"

"Arobaini na tisa!"

"Hamsini na mbili!"

Ukumbi ukavunjika kwa vicheko.

"Mnaona? Mwenyewe yuko nyuma kule, mtandio wa papai. Mimi ni mwanafunzi wake, tena mzito."

Mwanamkasi akainuka. Akaja polepole, akautazama ule mkeka.

"Mwaa wa tatu umeurusha juu mara mbili."

"Nifundishe."

"Mbele za watu?"

"Kwani moyo wangu uliuchukua faraghani? Kongowea nzima iliona!"

Hapo nami nikapata miguu. Nikaisogeza simu kwenye kipaza, sauti ya Waleed ikajaa ukumbi: "Shikamoo, Mwalimu Luqman. Mbinu hii ni ya Mwalimu Mwanamkasi wa Likoni. Tafadhali jina lake liandike kubwa, na langu usiliweke kabisa."

Mwanamkasi akaziba mdomo kwa mtandio, lakini macho yalikuwa yakicheka yenyewe. Akaushika mwaa wa tatu, akaupitisha chini.

"Mwambie baba'ko avuke," akasema.

"Ijumaa?"

"Ijumaa. Na foleni ya feri isiwe sababu."

Vigelegele! Walimu mia walisahau mpaka chakula.

Jioni nikaandika kwenye grupu letu: "Walimu wenzangu, naomba barua ya posa niiandike mimi. Hati yangu nzuri, na majina mara hii nitauliza." Wote wamesoma. Hakuna aliyejibu.

Leo Alhamisi nimeandika tena: "Basi hata bahasha tu. Nipeni bahasha niandike jina moja, jamani?"