Safi Atoa Maoni Yake

Asubuhi nyumbani kwa kina Safi huanza kwa maswali. Mama huuliza kutoka jikoni, "Chai imekolea sukari?" Anajibiwa, "Safi!" Kaka huuliza kama shati lake limenyooka, na hata kola ikiwa imekunjamana kama karatasi iliyotolewa mfukoni, naye hujibiwa, "Safi!" Anayejibu ni binti wa miaka kumi na miwili, na kwa sababu ya jibu hilo watu wameacha kabisa kumwita jina lake. Wanamwita Safi. Mwenyewe hakuwahi kuona ubaya wowote. Neno lenyewe ni fupi, halimuudhi mtu, na linakuacha uendelee kunywa chai yako.

Shangazi yake aliishi nao. Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti, zile kurasa tunazofungua kwenye simu na kompyuta. Tangu aache kazi ya ofisini, meza ya kulia chakula ilikuwa ndiyo ofisi yake, na ole wake aliyemwaga chai upande ule! Wiki hiyo alikuwa akijiandaa kwa mkutano wa watengenezaji wa tovuti. Angetoa mada asubuhi katika chumba kidogo, kisha aitoe tena mchana kwenye ukumbi mkubwa. Huko ukumbini wangekuwepo wakuu wa hospitali, waliokuwa wakitafuta mtu wa kuwatengenezea tovuti mpya. Shangazi aliitaka kazi hiyo kwa moyo wake wote.

Mada yake ilikuwa namna ya kutengeneza tovuti inayosomeka na kila mtu. Alifanya mazoezi sebuleni, mapazia yakiwa yamefungwa ili picha za projekta zionekane vizuri ukutani. Siku ya kwanza tu, Kaka alipiga miayo akasema, "Shangazi, inachosha hiyo." Basi! Shangazi alizima kompyuta, akaingia chumbani, akafunga mlango. Ilipita siku nzima bila mazoezi. Alipopata moyo wa kuanza tena, alimgeukia Safi.

"Haya, mwanangu, wewe unaionaje?"

"Safi," akajibu Safi haraka, asije akasikia tena mlango ule ukifungwa.

Siku ya mkutano walikwenda pamoja, kwa kuwa wanafunzi wa klabu za kompyuta walikuwa wamealikwa, na Safi alikuwa mmoja wao. Safi alipata kiti mstari wa nyuma kabisa. Chumba kile kilikuwa na madirisha mapana yasiyo na mapazia, na jua lilikuwa limejaa tele. Shangazi alianza vizuri, akasimulia habari za bibi mmoja aliyekosa kliniki kwa sababu hakuweza kusoma tarehe kwenye simu yake. Watu walitulia tuli. Kisha maandishi yakatokea ukutani, Safi akakodoa macho.

Herufi zilikuwa ndogo, za kijivu hafifu juu ya rangi nyeupe. Sebuleni, mapazia yakiwa yamefungwa, zilipendeza sana. Hapa zilikuwa kama hazipo.

"Kama mnavyoona hapa," Shangazi alisema kwa kujiamini, akiuonyesha ukuta.

Mzee aliyekaa jirani na Safi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Shangazi alipomaliza, chumba kizima kilipiga makofi, na msimamizi akawaomba watu waandike maoni yao kwa simu.

Wakati wa mapumziko Shangazi alikuwa akisoma maoni hayo huku uso ukimng'aa. "Sikia huyu: 'Umetisha, dada!' Huyu naye: 'Nzuri sana.' Na huyu: 'Hongera.' Hakuna hata mmoja aliyelalamika! Wewe je, mwanangu, umeionaje?"

Lile neno lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Safi aliogopa. Je, akisema kweli na Shangazi akavunjika moyo kabla ya mchana? Lakini akinyamaza, wale wakuu wa hospitali wataonyeshwa ukuta mtupu na kazi itakwenda kwa mtu mwingine. Akalimeza lile neno.

"Shangazi, samahani. Sikuweza kusoma."

Uso wa Shangazi ulibadilika. "Hukuweza vipi? Au ulikuwa unapiga soga huko nyuma?"

"Hapana, nilikuwa nasikiliza. Habari za yule bibi zilinishika kabisa, nilitaka kujua yaliyomkuta. Lakini uliposema 'kama mnavyoona', mimi niliona ukuta tu. Herufi ni ndogo, za kijivu, na chumba kina jua. Hata mzee wa jirani yangu alifuta miwani mpaka nikaionea huruma miwani yenyewe."

"Mbona nyumbani ulisema safi?"

"Nyumbani tulifunga mapazia. Halafu, Shangazi, mimi kila kitu nasema safi."

Shangazi alirudi kwenye kile chumba, akawasha projekta, akatembea hadi mstari wa nyuma na kukaa kwenye kiti cha Safi. Alitazama ukutani kwa muda, kisha akajishika kichwa.

"Mungu wangu! Nimesimama mbele ya watu nikihubiri kusomeka, na mwenyewe sisomeki!"

Akaangua kicheko, na Safi akapumua. Muda wa mapumziko uliobaki waliutumia kazini. Shangazi alibadilisha rangi ikawa nyeusi ti, akakuza herufi, akafuta maneno ya ziada. Safi alikaa nyuma akipaza sauti, "Hiyo bado! Ongeza! Hapo sasa!"

Mchana, ukumbi ulikuwa umejaa. Mada ilipokwisha, mmoja wa wale wakuu wa hospitali alimfuata Shangazi na kumpa mkono. "Nilikaa nyuma na nimesoma kila neno," alisema. "Hivyo ndivyo tunavyotaka wagonjwa wetu wasome. Njoo tuanze kazi."

Njiani kurudi nyumbani, Shangazi alimshika Safi begani. "Kaka yako aliposema inachosha, niliumia na nisijue nirekebishe nini. Wale waliosema nzuri sana walinifurahisha, nami bado sikujua nirekebishe nini. Wewe umenieleza kilichokushika na kilichokushinda, na kwa nini. Mtu akikuomba maoni, mwambie ukweli kwa upole, na umpe kitu anachoweza kukifanyia kazi. Haya, na mchana ilikuwaje?"

"Nilielewa yote. Ila 'yaani' zako zilikuwa nyingi mno."

"Yaani kweli?" akauliza Shangazi, na wote wawili wakacheka.

Kesho yake asubuhi Mama aliuliza kutoka jikoni, "Chai imekolea sukari?"

Safi alionja kwanza. "Sukari imezidi kidogo, Mama. Lakini maziwa yametosha kabisa."

Mama alichungulia mlangoni kwa mshangao. Kaka, aliyekuwa karibu kuuliza kuhusu shati lake, alifunika kola kwa mkono na kwenda kutafuta pasi.