Miche ya Tusekile na Taa Kali

Tusekile aliishi Njombe, katika nyumba ya matofali yenye bati jekundu. Alikuwa na miaka sita, na jino lake la mbele lilikuwa limeng'oka.

Ulikuwa mwezi wa Juni. Mwezi wa Juni, Njombe ni baridi. Asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda, na ukizikanyaga zinalia, kwaru, kwaru.

Mama yake Tusekile alikuwa na mbegu za nyanya. Zilikuwa chache, zimefungwa kwenye kitambaa. Alipewa na dada yake kabla hajahamia mbali, na nyingine kama hizo hazikupatikana tena.

"Nikizipanda nje, baridi itaziua," alisema Mama.

"Zipande ndani," alisema Baba.

"Ndani hakuna jua."

"Basi tutaweka taa."

Chumba chenye joto kilikuwa kimoja tu. Kilikuwa chumba cha Tusekile. Ukuta wake ulipakana na jiko, na moto ukiwaka jikoni, ukuta nao ulipata joto.

Baba akaleta meza, akaiweka karibu na kitanda. Akapanda juu ya kiti. Akafunga mnyororo kwenye boriti, akaning'iniza taa.

Haikuwa taa ya kawaida. Ilikuwa taa ya kukuzia miche, ndefu na kali.

"Usiikodolee macho," alisema Baba. "Itakuumiza."

Tusekile akafunika macho kwa viganja.

Baba akabonyeza swichi. Ta. Chumba kikawa cheupe pe.

Tusekile na Mama wakajaza udongo mweusi kwenye vikombe vya mtindi. Tusekile alitoboa udongo kwa kidole. Mama alidondosha mbegu. Tusekile alifukia.

Kisha akachukua chupa ya maji akanyunyiza. Fyu, fyu, fyu.

"Sasa zitaota?" aliuliza Tusekile.

"Sasa tutangoja," alisema Mama.

Wakangoja. Asubuhi Mama aliingia akabonyeza swichi. Ta. Chumba kikawa cheupe pe.

Tusekile akanyunyiza maji. Fyu, fyu, fyu.

Jioni Mama aliingia tena akabonyeza swichi. Ta. Chumba kikawa giza totoro.

Siku zikaenda hivyo. Udongo ulikuwa udongo tu.

Hata asubuhi moja, Tusekile akaona kitu cha kijani. Kilikuwa kidogo kama uzi. Kilikuwa kimeinama, kichwa bado kimo udongoni.

"Mama, njoo uone," alisema Tusekile.

Mama akaja akaona. Alikaa chini sakafuni, akaangalia tu.

Kesho yake uzi ule ulikuwa umenyooka. Ulikuwa na majani mawili. Na kwenye vikombe vingine kulikuwa na nyuzi nyingine.

Baba akapima kwa kiganja kutoka kwenye miche hadi kwenye taa. "Taa iko juu mno," alisema. "Miche itarefuka kuitafuta." Akaishusha kidogo.

Miche ikakua. Shina likanenepa. Tusekile aliinamia meza kila siku akitoka shule, akanusa majani. Yalinuka nyanya, ingawa nyanya hazikuwepo bado.

Sasa, kuna jambo ambalo Tusekile hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Tusekile aliogopa giza.

Aliliogopa tangu zamani. Taa ikizimwa, alivuta blanketi mpaka juu ya kichwa. Ukutani kulikuwa na kitu kirefu chenye mabega. Tusekile hakukitazama.

Usiku mmoja, akiwa ndani ya blanketi, aliwaza juu ya miche.

Miche ilikuwa midogo. Ilikuwa gizani. Haikuwa na blanketi.

"Mama," aliita.

"Unasemaje?" Mama alijibu kutoka jikoni.

"Miche inaogopa giza?"

Mama alikuwa anaosha masufuria, na masufuria yalikuwa yanapiga kelele. "Lala, mwanangu," alisema.

Tusekile hakulala. Alinyoosha mkono kutoka kitandani. Akaipapasa swichi.

Ta. Chumba kikawa cheupe pe.

Kitu chenye mabega kikapotea. Miche ilisimama kwenye vikombe vyake, kijani kabisa. Tusekile akaona imefurahi.

Akachukua kanga kuukuu akaziba nayo chini ya mlango, mwanga usitoke.

Asubuhi alipomsikia Mama anakuja, alizima taa. Aliondoa kanga. Mama akaingia akabonyeza swichi, kama kawaida. Ta.

Usiku wa pili, Tusekile akafanya vilevile. Na usiku mwingine, na mwingine.

Kulala kwenye mwanga mkali si rahisi. Tusekile aligeuka huku, akageuka kule. Mwanga ulimfuata hata ndani ya blanketi.

Asubuhi alisinzia kwenye uji. Shuleni alisinzia kwenye dawati, na mwalimu akamgusa bega.

Kisha majani ya miche yakaanza kubadilika.

Kwanza yalipauka. Halafu yakawa ya njano. Halafu kingo zake zikajikunja.

"Labda maji ni mengi," alisema Mama. Wakapunguza maji.

Majani yakazidi kuwa ya njano.

"Labda maji ni machache," alisema Mama. Wakaongeza maji. Fyu, fyu, fyu.

Majani yakazidi kuwa ya njano.

"Labda taa iko chini mno," alisema Baba. Akaipandisha.

Majani yakazidi kuwa ya njano. Jani moja likadondoka. Tusekile akaliokota, akalitia mfukoni mwa sketi yake.

Alijua kuna kitu ambacho Mama na Baba hawakijui. Lakini hakusema.

Jumamosi Baba aliingia na ndoo. Mama alikuwa nyuma yake.

"Hii miche inaumwa," alisema Baba. "Ikibaki hapa, itaambukiza mbogamboga zangu za bustanini. Bora niimwage."

Mama alitazama vikombe. Alichukua kimoja, akakirudisha. "Basi," alisema. "Imwage tu."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Tusekile hakuwahi kuisikia sauti ya Mama ikiwa ndogo hivyo.

Baba akanyoosha mkono kwenye kikombe cha kwanza.

"Usimwage," alisema Tusekile.

Baba akangoja.

"Haiumwi. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?" aliuliza Mama.

Tusekile alitazama vidole vya miguu yake. "Nawasha taa usiku. Mkishaenda kulala. Kila siku."

Nje kuku alikuwa anaparura, kwa, kwa, kwa.

"Kwa nini, Tuse?" aliuliza Mama.

"Miche inaogopa giza. Haina blanketi."

Baba akaweka ndoo chini. Akakaa juu ya ndoo.

"Mchana miche inakula mwanga," alisema. "Huo ndio ugali wake. Usiku inapumzika. Ukiilisha mchana na usiku, inachoka."

"Inakuwa ya njano?"

"Hata mimi ukinimulika taa usiku kucha, nitakuwa wa njano."

Tusekile akamtazama Baba. Baba hakuwa anacheka.

Mama akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya Tusekile. Chini ya macho ya Tusekile kulikuwa na weusi.

"Tuse," alisema Mama. "Anayeogopa giza ni nani?"

Tusekile alifikiri. Alitaka kusema miche.

"Mimi," alisema.

Mama akaitikia kwa kichwa. Hakusema usiogope. Baba akanyanyuka, akaondoka na ndoo yake tupu.

Jioni ile Mama hakuzima taa, wala hakwenda zake. Alikaa kitandani kwa Tusekile. Alivua viatu, akaingiza miguu ndani ya blanketi.

"Zima wewe," alisema.

Tusekile akanyoosha mkono. Ta. Chumba kikawa giza totoro.

"Fumbua macho," alisema Mama.

"Nimefumbua."

"Usiyafumbe. Ngoja."

Wakangoja. Kidogo kidogo, giza likapungua. Dirisha likatokea. Kisha meza. Kisha vikombe, kimoja kimoja.

Kisha kile kitu kirefu chenye mabega.

Tusekile akashika mkono wa Mama. "Kile pale."

"Nakiona," alisema Mama. "Twende tukakiguse."

Walishuka kitandani. Sakafu ilikuwa baridi. Walitembea polepole, Mama mbele, Tusekile nyuma yake.

Tusekile akanyoosha kidole. Akagusa. Kilikuwa laini. Kilikuwa na kifungo.

"Ni koti la Baba," alisema.

"La mvua," alisema Mama. "Limetundikwa hapo tangu masika."

Wakarudi kitandani. Juu, bati lilikuwa linapoa. Ti. Ti. Ti.

"Na hicho nini?"

"Bati linajinyoosha."

Tusekile akageuka upande wa meza. Miche ilisimama gizani, kimya. Ilionekana sawasawa tu.

"Laleni, wadogo," aliiambia. "Kutakucha."

Mama hakutoka mpaka Tusekile alipolala.

Usiku wa pili Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda, viatu miguuni. Ta. Giza totoro. "Laleni, wadogo," alisema Tusekile. "Kutakucha."

Usiku mwingine Mama alikaa kwenye kigoda, karibu na mlango. Ta. Giza totoro. "Laleni, wadogo. Kutakucha."

Usiku mmoja haikwenda vizuri. Upepo ulivuma, na mlango wa choo uligonga, ba, ba, ba. Tusekile aliita. Mama akaja, akakaa naye tena kitandani. Hakuna aliyewasha taa.

Na usiku mwingine Mama alikuwa jikoni, anachambua maharage. Tusekile alisikia maharage yakidondoka kwenye bakuli. Hakuita.

Majani ya njano hayakurudi kuwa ya kijani. Hayo yalidondoka. Lakini juu, katikati ya mche, kulitokea jani jipya dogo lililojikunja kama ngumi ya mtoto. Lilipofunguka, lilikuwa kijani.

Halafu likaja la pili.

Miche mingine haikupona. Baba aliifukia karibu na migomba. Tusekile alisimama pale mpaka Baba alipomaliza.

Iliyobaki ilikua. Ilinenepa, ikawa na vinyweleo kwenye shina. Vikombe vikawa vidogo kwake.

Sakitu ikaisha. Asubuhi nyasi hazikulia tena zikikanyagwa. Jua likatoka, likakaa.

"Sasa tuitoe nje," alisema Baba. "Lakini taratibu. Haijawahi kuona upepo."

Siku ya kwanza miche ilikaa chini ya upenu, asubuhi tu. Tusekile aliilinda kuku wasiifikie. Siku ya pili ilikaa zaidi. Siku nyingine ilikaa juani, na upepo ukaitikisa, na haikuvunjika.

Hata jioni moja Mama akachimba mashimo bustanini. Tusekile alitoa mche kwenye kikombe, na udongo wake wote. Aliushika kwa mikono miwili. Mama aliupokea, akaupanda, akashindilia udongo kwa kiganja.

Walipanda mpaka vikombe vikaisha.

Jua lilikuwa limezama. Bustani ilianza kuwa nyeusi. Miche ilisimama kwenye mistari, na juu yake hakukuwa na taa, wala dari, wala boriti.

"Italala hapa?" aliuliza Tusekile.

"Italala hapa," alisema Mama.

Tusekile akapita mstari kwa mstari. Aliinama kwa kila mche, akauambia neno lake. Mama alingoja na jembe begani.

Ndani, Baba alikuwa ameshusha taa. Alikuwa anakunja waya. "Nitaitundika tena Juni," alisema, akaipeleka stoo.

Tusekile alinawa miguu. Alikula ugali na maharage. Alimwamkia jirani aliyepita kuomba chumvi. Alipanda kitandani.

Chumba kilikuwa kipana sasa. Meza ilikuwa imeondolewa. Kilinuka udongo kidogo.

Mama akasimama mlangoni.

"Tuse, nikuachie mlango wazi?"

Hakujibiwa.

"Tuse?"

Tusekile alikuwa amelala chali, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda. Kucha zake zilikuwa bado na udongo. Alikuwa anakoroma kidogo, kho, kho, kupitia pengo la jino.

Mama akaurudisha mkono ndani ya blanketi.

Kisha akatoka, akaufunga mlango polepole.