Kikombe Alichokunywa Nadira

Ninaapa kwamba kisa hiki ni kweli tupu. Nikikiongezea hata chembe, viatu vyangu vya Jumapili vinibane vidole mpaka niingie kanisani nikichechemea. Mimi Kahiga, mstaafu wa kiwanda mjini Thika, sikupelekwa shule. Kusoma nilijifunza kwenye vipande vya magazeti ya kufungia nyama, ndiyo maana hadithi zangu hunukia bucha kidogo. Lakini uongo hazina.

Mambo haya yalitokea hapa kwetu Kalimoni mwaka wa 1998, baada ya zile mvua za El Nino. Mvua zile zilinyesha hadi kambare wakapanda kwenye migomba yangu. Nilimchuma mmoja kwa mkono, nikamkaanga. Asiyeamini siku hiyo alikuwa amelala.

Jirani yangu alikuwa Cucu Gathoni, na Cucu, kama mjuavyo, ni nyanya kwa Kikuyu. Alimlea mjukuu wake Wamboi, msichana wa darasa la saba, kwa kuwa mama yake Wamboi alifanya kazi Ruiru na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kila asubuhi kabla ya shule Wamboi aliteremka mtoni na mtungi. Aliurudisha mgongoni, ukiwa umeshikwa na mkanda wa ngozi uliopita juu ya paji la uso, kama walivyobeba mama zetu wote. Mkanda ule ulimwachia alama. Wamboi akifika karibu na shule aliivuta kofia yake ya sare mpaka kwenye nyusi, hata jua likiwaka namna gani.

Aliificha alama hiyo kwa sababu ya Idah. Idah alikuwa binti ya msimamizi wa shamba la kahawa, familia iliyotoka pande za Kisumu, na nyumba yao ilikuwa na mfereji wa maji jikoni, bomba la kufungua kwa mkono. Alikuwa na mdomo mwepesi. Waliochota mtoni aliwaita "vyura", na darasa zima lilicheka. Wamboi naye alicheka pamoja nao. Alikuwa amemwambia Idah kwamba kwao pia kuna mfereji.

Basi likizo ya Aprili akaja Nadira. Huyu alikuwa msichana wa Kamenu, Thika, binti ya Mama Zubeida aliyeuza vitambaa. Alikuwa akimalizia shahada ya pili katika chuo kikuu Nairobi, akisomea namna serikali inavyopanga mambo ya watu. Ili ahitimu alitakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe. Alichagua kuuliza swali moja tu: Thika ina mabomba, Ruiru ina mabomba, je, sisi tulio katikati tunakunywa nini? Alikuwa amezunguka Kiganjo na Ruiru kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Sasa alikuwa amefika kwetu. Kikuyu hakukijua zaidi ya salamu, maana alilelewa Nakuru kwa mjomba wake, na wazee wetu wengi hawakujua Kiswahili. Mwalimu mkuu akampendekeza Wamboi awe mkalimani wake, kwa kuwa ndiye aliyeongoza Kiswahili shuleni.

Wamboi alifurahi hadi akashindwa kulala. Nadira alivaa buibui jeusi lililonukia udi, akaongea kwa sauti ya chini, na alimwita Wamboi "mwenzangu". Kwa siku kadhaa walitembea pamoja na kazi ikaenda vizuri. Kisha wakafika nyumbani kwa Cucu Gathoni, na Idah alikuwa amewafuata nyuma. Alitaka kuona, alisema, huo mfereji unaosifiwa.

Walikaa nje kwenye viti vya miguu mitatu. Nadira akamwomba Wamboi amuulize Cucu wanatoa wapi maji ya kunywa. Cucu akajibu kwa Kikuyu, na Cucu hakuwa mtu wa jibu fupi. Alisema maji ni ya mtoni. Alisema mvua ilizoa vyoo vya watu wa juu na kuvimwagia mtoni, kwa hiyo siku hizi hayaguswi kabla ya kuchemshwa. Yale yaliyo kwenye pipa pale mlangoni ni ya kufulia tu, mgeni asiyaguse, yeye anaenda kuwasha moto apike chai. Akainuka, akaingia jikoni.

Idah alikuwa anamtazama Wamboi. Kikuyu hakukielewa, lakini Kiswahili alikielewa vizuri sana.

"Cucu anasema tunakunywa maji ya mfereji," Wamboi alisema.

Nadira akacheka. "Maneno yote yale ndiyo hayo tu?"

"Anasema pia ni safi. Na anakukaribisha."

Nadira akaandika. Kisha akajifuta jasho, akasema kwamba kama ni ya mfereji basi apewe kidogo, koo limekauka. Akaonyesha pipa lile la mlangoni.

Wamboi angeweza kusema neno moja tu. Aliniambia baadaye kwamba neno lenyewe lilikuwa kwenye ulimi, na Idah alikuwa amesimama hapo, mkono kiunoni. Akachukua kikombe, akachota, akampa. Nadira akanywa chote na kushukuru. Chai ilipotoka jikoni kikombe kilikuwa kimeshaoshwa na kurudishwa mahali pake, na Cucu hakujua lolote.

Baada ya wiki mbili hivi, siku ambayo Nadira alipaswa kurudi Kalimoni ilifika na kupita bila yeye kuonekana. Mimi ndiye niliyeleta habari. Nilikuwa nimepeleka parachichi zangu Kamenu, nikapita kwenye duka la Mama Zubeida, nikalikuta limefungwa. Majirani wakanieleza. Jioni nikamweleza Cucu, nikiwa upande wangu wa ua: yule msichana wa chuo amelazwa hospitali ya Thika, ana homa isiyoshuka. Amepewa dawa ya malaria na haijasaidia kitu. Daktari amemuuliza mara nyingi alikula nini na kunywa nini, na yeye anajibu kwamba popote alipokwenda alikunywa maji ya mfereji tu.

Wamboi alikuwa akichambua maharagwe hapo karibu. Aliendelea kuchambua, lakini niliona anatupa mazuri na kubakisha mabovu.

Usiku huo hakula. Asubuhi alikwenda mtoni kama kawaida. Alijiambia kwamba huenda Nadira aliugua kwa kitu kingine, kwamba watu wengi wanaumwa baada ya mvua, kwamba daktari anajua kazi yake. Alijaza mtungi akaumwaga, akaujaza tena akaumwaga. Kila alipotazama maji yale ya kahawia alimwona Nadira akiinua kikombe na kusema asante. Alirudi nyumbani mikono mitupu. Akamkuta Cucu anakamua ng'ombe, akamwambia yote palepale, maneno yakimtoka pamoja na kamasi.

Cucu hakumpiga. Aliweka kando chombo cha maziwa.

"Uliweka uongo kinywani mwangu mimi," alisema. "Mbele ya mgeni, nyumbani kwangu."

Halafu akafunga kitambaa chake kizuri kichwani na kuniita, kwa sababu hospitali ile ya Thika mimi niliijua mpaka milango ya nyuma. Njiani Wamboi aliuliza kama angeweza kumwandikia daktari barua badala ya kusema mwenyewe. Cucu alijibu kwamba mdomo uliopotosha ndio utakaonyosha.

Tulimkuta Nadira amekonda, midomo imepasuka, macho yamezama. Mama Zubeida alikuwa akimpangusa kwa kitambaa chenye maji, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala kwa muda mrefu. Nadira alitutambua kwa shida. Akaanza kunong'ona habari za kazi yake, kwamba mwalimu wake chuoni anaingojea, kwamba bado Kalimoni imebaki nyumba chache. Kisha akasahau alichokuwa anasema na kuanza upya.

Wamboi alisimama upande wa miguuni pa kitanda. Daktari alikuwa ameingia na muuguzi wake, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamegeuka kututazama. Nilimwona anaivuta kofia ambayo siku hiyo hakuwa ameivaa, mkono ukashika hewa tu.

"Dada Nadira hakunywa maji ya mfereji," alisema. "Alikunywa ya mtoni, hayakuchemshwa. Cucu alisema asiyanywe. Mimi ndiye niliyebadilisha maneno yake, kisha nikamchotea mwenyewe."

Mama Zubeida akainuka polepole na nikadhani atamzaba kofi, na sijui kama ningemzuia. Badala yake alimwambia Wamboi atoke nje, akae mahali ambapo hatamwona. Wamboi akatoka. Daktari akamfuata hadi kwenye ukumbi, akamuuliza ni siku gani, ni maji ya namna gani, vyoo viko umbali gani na mto. Wamboi akajibu kila swali. Damu ya Nadira ikapimwa upya, safari hii wakitafuta homa ya matumbo, na ndiyo iliyokuwa. Dawa ikabadilishwa siku hiyohiyo.

Msidhani alipona mara moja. Ugonjwa ulikuwa umekaa mwilini muda mrefu, na kwa siku nyingi hatukujua utaelekea wapi. Cucu alikuwa akienda Thika na maziwa na kurudi nayo yote. Wamboi naye alipika, akachota, akachemsha. Idah alikuja mara moja kumwita wakacheze, Wamboi akamwambia waziwazi kwamba hawana mfereji na hawajawahi kuwa nao, wanachota mtoni. Idah akasema, "Nilijua tu." Akakaa kidogo akichora mchanga kwa kidole cha mguu, kisha akauliza dada wa chuo anaendeleaje. Wamboi akamwambia hajui.

Siku ambayo Cucu alirudi na chombo kitupu, tulijua Nadira ameanza kula. Mwisho wa wiki Mama Zubeida alituma ujumbe kwamba Wamboi aitwe.

Nadira alikuwa ameketi, mito mgongoni. Mama yake alibaki dirishani akitazama nje, lakini hakumfukuza mtoto. Wamboi alianza kuomba msamaha, Nadira akamwambia avute kiti kwanza.

"Mimi pia nilikosea," alisema. "Nilikuuliza mambo ya nyumbani kwenu huku mwenzako wa darasani amesimama hapo. Nilifundishwa chuoni nisifanye hivyo, nikasahau. Lakini nisikilize, Wamboi. Ningepona na kumaliza kazi yangu bila wewe kusema, ningeandika kwamba Kalimoni ina maji safi. Karatasi hiyo ingesomwa na watu wanaoamua bomba lipite wapi. Wangesema, hawa wanayo tayari, twende kwingine. Na cucu wako angeendelea kuchota mtoni mpaka mwisho, kwa sababu ya aibu yako. Kuchota mtoni si kosa lako hata kidogo, mwenzangu. Kosa ni kulificha jambo hilo wakati mtu amekuja kuuliza ili lirekebishwe."

Wamboi alikuwa analia. Mama Zubeida akageuka dirishani.

"Umemwumiza mwanangu," alisema. "Na umemwokoa. Sijui nikufanye nini. Njoo ule." Akamwekea sambusa kwenye karatasi.

Chuo kilimwongezea Nadira muda, naye akarudi kwetu akitembea polepole kama mimi. Zile nyumba zote za Kalimoni alizianza upya. Na mkalimani alikuwa Wamboi yuleyule. Watu walishangaa, Nadira akasema hakuna mtu Kalimoni nzima atakayekuwa mwangalifu zaidi. Sharti lilikuwa moja: kila neno litakalosemwa mbele yake kwa Kikuyu ni lazima alitafsiri lote, asiongeze, asipunguze, asichague. Wamboi alikubali, na alipokubali jambo alilishika kweli.

Nyumba ya mwisho ilikuwa yangu. Cucu Gathoni alikuja nao, kwa kuwa alikuwa amembebea Nadira kiti. Akaketi mlangoni akisuka kiondo chake, hana neno na mtu.

Nadira akaniuliza kama maji yangu ya kunywa huwa ninayachemsha. Mimi Kiswahili ninakimudu, sikuhitaji mkalimani. Nikamweleza kwamba nimechemsha maji tangu ujana wangu, kwamba kiwandani nilifundisha watu wengi wakapona magonjwa ambayo hata daktari hajayasikia, na kwamba sufuria yangu haijawahi kupoa tangu nistaafu. Nikaona anaandika, nikanogewa. Nikasema, kama ninadanganya, jogoo wangu mwekundu achukuliwe leo hii.

Pale mlangoni Cucu akanong'ona kitu kwa Kikuyu, akijisemea tu huku anasuka.

Wamboi akasimama wima kama yuko mbele ya darasa.

"Cucu anasema," akatafsiri, "sufuria ya Babu Kahiga ya kuchemshia maji iko nyuma ya nyumba, na kuku wake wanatagia humo tangu mwaka jana."

Nadira akaweka kalamu chini, akazunguka nyuma ya nyumba. Alirudi na mayai mawili mkononi, bado yana joto.

Nikamfukuza jogoo uwanja mzima mpaka nikamshika, nikamfunga miguu kwa kamba ya mkonge, nikamkabidhi Wamboi. Kisha nikarudi nyuma ya nyumba, nikamwomba radhi kuku, nikachukua sufuria yangu na kwenda kuisugua.